Pikipiki Mbili za Bwana Bomba

Zilisimama bega kwa bega mbele ya nyumba ya Raphaeli Boay, Nainokanoka, asubuhi moja ya kiangazi mwanzoni mwa mwaka 1980. Akina mama waliotoka kukamua walizizunguka, vibuyu vya maziwa mkononi. Wanaume walizitazama kwa mbali, kimya, kama wanavyomtazama dume mgeni aliyeletwa zizini.

Moja ilikuwa ya kijivu, kubwa na nzito. Ilikuwa na kioo cha kukinga upepo, masanduku mawili ya bati ubavuni, na kiti kirefu kipana kama benchi la kanisani. Ya pili ilikuwa nyekundu, imeinama mbele kama mnyama anayekunywa maji. Usukani wake ulikuwa chini, kiti chake chembamba, na injini yake ilijaza nafasi yote katikati ya magurudumu, kana kwamba aliyeitengeneza hakufikiria kitu kingine.

Zilikuwa mali ya mzungu wa mradi wa maji, ambaye watu walimwita Bwana Bomba. Mkataba wake ulikuwa umekwisha na alikuwa anarudi kwao. Pikipiki moja alikwisha kuiahidi parokia ya Karatu, nyingine ilikuwa zawadi ya Raphaeli, naye alitakiwa achague kwanza. Mwaka uliotangulia malaria ilimwangusha mzungu yule hukohuko Nainokanoka, na Raphaeli na mkewe Cresensia walimlaza kwenye kitanda chao, wao wakalala chini hadi alipopona.

"Ya kijivu ni ya safari," alisema Bwana Bomba, kwa Kiswahili chake cha kuchagua neno mojamoja. "Watu wawili, siku nzima, mgongo hauumi. Nyekundu ni ya mbio. Hakuna kitu Karatu kinaweza kuipita."

"Hata ndege?" akauliza Tobiko, jirani wa Raphaeli.

"Ndege labda."

Tobiko akazizunguka mara moja, akapiga tangi jekundu kwa kifundo cha kidole. "Daktari," akamwambia Raphaeli, "hii ni morani. Imependeza, ina hasira, na haijawahi kubeba kuni. Hii nyingine ni mke wa kwanza."

"Sasa nichukue ipi?"

"Ukitaka kusifiwa, chukua morani. Ukitaka kula, unajua nani anapika."

Akina mama wakacheka, na mmoja wao akamwambia Tobiko kwamba leo atapika huyohuyo morani.

Walimwita Daktari kwa sababu alikuwa bwana mifugo. Alikuwa Mwiraqw wa Endamarariek, mtoto wa wakulima wa mahindi na ngano. Alipopangiwa kazi Nainokanoka alikuja akijua maneno machache tu ya Kimaasai, mengine akajifunza zizini. Alichanja, aliogesha, alikata kwato. Ndama aliyekwama tumboni alimtoa kwa mikono yake, taratibu, akimsemesha mama yake kwa sauti ya chini mpaka kazi iishe. Hakuna boma la karibu ambalo halikuwa na ng'ombe aliyepita mikononi mwake.

Lakini mtoto wake mwenyewe hakuweza kumtoa. Miaka miwili kabla ya pikipiki zile, uchungu wa kwanza ulimshika Cresensia nyumbani. Wanaume walikata miti miwili, wakaifunga blanketi katikati, wakambeba kwenye machela hiyo hadi barabara kuu ya ukingoni mwa kreta, na hapo wakasubiri gari. Walisubiri hadi mtoto akazaliwa chini ya turubai, akalia kidogo, akanyamaza. Kisha damu ya mama ikaanza kutoka, nayo haikutaka kusimama. Gari lilipopatikana hatimaye, Cresensia alikuwa mweupe midomo. Hospitalini walimrudisha kwa shida, na mganga akamwambia Raphaeli kwamba mwanamke huyu asijifungue tena mbali na watu wenye damu ya kumwongezea.

Tangu siku hiyo Raphaeli alichukia neno moja tu, kuchelewa. Kuku akichelewa kuingia bandani, moyo wake ulienda mbio. Na sasa tumbo la Cresensia lilikuwa limeanza kuonekana tena chini ya kanga.

"Njoo ujaribu," akamwambia.

Cresensia akakaa kwenye ya kijivu, akaegemea masanduku, akafumba macho. "Hapa mtu anaweza kulala," akasema. Halafu akapanda nyekundu nyuma ya mumewe. Kiti kikamtelezesha mbele, tumbo likagandamana na mgongo wa Raphaeli, magoti yakapanda juu.

"Magoti yamefika masikioni," akasema, na watu wakacheka tena. Yeye hakucheka. "Raphaeli, mimi nachagua benchi."

Raphaeli akaitoa nyekundu peke yake, aijaribu mpaka njia panda. Barabara ilikuwa kavu na ngumu kama sakafu. Alipogeuza mkono, bonde likamjia usoni, miti ikalala nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya turubai alihisi kwamba kuna kitu duniani kinachoweza kuuwahi msiba. Alirudi macho yakimtoka machozi ya upepo. Labda si ya upepo tu.

"Hii," akasema.

Jioni Cresensia alimuuliza kwa upole, akiwa anachambua maharage, kwa nini hasa.

"Ile ya kijivu ni nzito. Ikilala njiani siwezi kuiinua peke yangu."

"Na hii ikilala, mimi nitaanguka wapi?"

"Hii hailali. Inafika. Mke wangu, mimi nimeshachelewa mara moja."

"Siyo wewe uliyechelewa."

"Ni nani, basi?"

Cresensia akarudi kwenye maharage. Asubuhi, pikipiki ya kijivu iliteremka Karatu na Bwana Bomba, masanduku yakilia bati kwa bati, na haikurudi tena.

Kosa kubwa zaidi Raphaeli alilifanya baadaye, na lilizaliwa na lile la kwanza. Ilikwisha kukubaliwa kwamba mwezi wa mwisho Cresensia ataenda kukaa kwa wifi yake Katarina, Karatu mjini, ambako hospitali ilikuwa ya kutembea kwa miguu. Lakini sasa pikipiki ilikuwa mlangoni. Raphaeli alikwisha kwenda nayo Karatu na kurudi kabla jua halijawa kali. Kwa nini mke akakae kwa watu, yeye abaki na chanjo na nyumba baridi? "Uende wiki ya mwisho tu," akamwambia. "Na kikitokea chochote, mimi ninakufikisha kabla chai haijapoa."

Katarina alituma ujumbe mara mbili kuuliza wifi anakuja lini. Mara mbili alijibiwa kwamba bado.

Masika yakaingia. Mvua za nyanda zile hazina haraka. Zinakaa juu ya milima kama mgeni aliyevua viatu, na ukungu unashuka kutoka msituni na kulala barabarani. Udongo uliokuwa sakafu ukawa unga wa ugali usioiva. Raphaeli aliitazama pikipiki yake chini ya turubai na kujiambia kwamba injini ile ina nguvu za kutosha.

Uchungu ulimshika Cresensia Jumapili mchana, mapema kuliko ilivyotarajiwa, akiwa amesimama mlangoni anakung'uta mkeka. Aliukunja mkeka vizuri, akauweka pembeni, ndipo akamwita mumewe.

Siku hizo, kwa uhaba wa mafuta, magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Gari la serikali lililokuwa likija Nainokanoka lilikuwa Arusha kwa matengenezo. Habari ilipozunguka, Tobiko na wanaume wengine walikuja bila kuitwa. Walikwisha kukata miti miwili ya machela, magome yakiwa bado mabichi, na walikuja na ngozi ya ng'ombe na kamba.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa huko. Mgonjwa akibebwa, kila mwanamume atakayekutana naye njiani anaweka mzigo wake chini na kuingiza bega, anayemjua na asiyemjua, mpaka bega lingine lije. Hakuna anayeombwa, na hakuna anayeshukuriwa.

"Wekeni chini," alisema Raphaeli. Alikuwa anapiga kiki. "Mpaka mmalize kufunga hizo kamba mimi nitakuwa kwenye geti la hifadhi."

"Daktari, barabara imeoza," alisema Tobiko.

"Ndiyo maana sina muda."

"Tukufuate nyuma, basi."

"Mnifuate wa nini? Mnataka kukimbizana na hii?" Ilikuwa sauti ya hofu, lakini ilitoka kama dharau. Wanaume wakatazamana. Kumfuata na machela mtu aliyekataa machela ni kama kumwombea mabaya. Wakaiegemeza miti ukutani. Cresensia akapanda, akauma kanga yake, akamshika mumewe kiunoni.

Kwa muda mfupi kila kitu kilikuwa kama alivyoahidi. Walipita shule, wakapita josho, wakaupanda mlima wa kwanza injini ikiunguruma. Kisha wakaingia kwenye udongo mwekundu.

Madigadi ya mbele ya pikipiki ile ilikaa karibu sana na tairi, kidole hakipiti. Ilitengenezwa kwa ajili ya lami. Tope likapanda, likajaa, likashindiliwa, na gurudumu la mbele likaacha kuzunguka. Likawa linateleza tu kama jembe, huku la nyuma likichimba shimo lake lenyewe. Raphaeli akashuka, akavunja kijiti, akakwangua. Wakaenda hatua chache, gurudumu likakwama tena. Akakwangua kwa kijiti, kwa vidole, mwisho kwa funguo ya nyumba. Mikono iliyokuwa na upole wote mbele ya ng'ombe sasa ilikuwa inapigana na tope, nalo likashinda kila mara.

"Niteremshe," alisema Cresensia.

"Kidogo tu. Nimeshalitoa."

"Raphaeli, niteremshe. Nitatembea."

Akatembea, mkono mmoja chini ya tumbo, na yeye akaisukuma pikipiki pembeni yake, kwa sababu hakuweza kuiacha. Alikuwa bado anaamini kwamba mbele kidogo kuna mahali pakavu. Hapakuwa na mahali pakavu. Ukungu ulikuwa umefunga, na ndani yake nyati walipumua upande wa msitu, wasionekane. Cresensia akasimama, akashika usukani uleule kwa mikono yote miwili, akajikunja. Maji yakamtoka miguuni, yakachanganyika na mvua.

Ndipo Raphaeli alipoiachia pikipiki. Ilianguka ubavu, petroli ikaanza kutoka kidogokidogo, hakuigeukia. Alijaribu kumbeba mkewe mgongoni, wakaanguka wote wawili. Alijaribu mikononi, akaenda mpaka kwenye bonde dogo, akalazimika kumweka chini. Kurudi Nainokanoka kuwaita watu kulikuwa ni kumwacha peke yake na nyati. Kukaa naye kulikuwa ni kumtazama akifa. Akasimama katikati ya barabara akigeuka huku na huku, mtu mzima, mtumishi wa serikali, hajui aelekee wapi.

"Piga yowe," alisema Cresensia, ameketi kwenye majani yaliyolowa. "Mbona hupigi yowe?"

Alikuwa anaona aibu. Mchana uleule watu walikuja na miti mabegani, akawaambia waiweke chini. Angewaitaje tena? Lakini alipomwona mkewe akiyang'oa majani kwa vidole, aibu ikamtoka, na yowe likatoka pamoja nayo, lile refu la kwao Endamarariek ambalo ukilisikia unaacha chakula mkononi. Alilipiga mpaka sauti ikapasuka. Halafu akapiga bila sauti.

Aliyejitokeza kwanza ni ng'ombe, kisha wengine, na nyuma yao kijana mrefu, mwenye rungu, analowa. Ni Koinet, mchungaji wa boma la bondeni, ambaye Raphaeli alimchanjia ndama zake.

"Daktari? Nani amekuumiza?"

"Mke wangu. Anazaa. Anazaa hapa, Koinet!"

Koinet aliwatazama wote wawili, akaitazama pikipiki iliyolala, akageuka na kukimbia, akiacha ng'ombe wake wamezagaa barabarani. Haikupita muda mrefu akarudi na bibi yake Naisula, aliyekuja amevaa ngozi na kushika kisu na kibuyu cha mafuta, anapumua kwa nguvu na kugombeza.

"Ondoka hapa," akamwambia Raphaeli.

"Koko, bibi yangu, mimi najua. Nimetoa ndama wengi."

"Huyu ni ndama? Ondoka! Nenda ukachunge."

Basi akachunga. Alisimama ndani ya ukungu na ng'ombe wa watu, mgongo kageuza, akisikiliza. Alisali, akasahau maneno ya sala, akaanza upya. Alimsikia Cresensia akiita jina lake mara moja, akapiga hatua, na sauti ya Naisula ikamzuia kama fimbo. Kisha akasikia kilio chembamba, chenye hasira. Akasubiri kinyamaze, kama kile cha kwanza. Hakikunyamaza.

"Ni msichana," alisema Naisula. Lakini hakusema kwa furaha. "Njoo. Damu haikai."

Koinet alikuwa ameshakimbilia Nainokanoka. Tobiko na wenzake hawakuwa mbali. Yowe lilikuwa limewafikia kabla yake, na aliwakuta njiani tayari na ileile miti iliyokataliwa, akarudi nao. Hakuna aliyesema neno juu ya yale ya mchana. Wakamlaza Cresensia kwenye ngozi, Naisula akamkandamiza tumbo kwa ngumi zake mbili huku akitembea pembeni, na machela ikainuka.

Raphaeli akaingiza bega. Tobiko akamtoa.

"Miguu yako inatetemeka. Utamwangusha."

"Ni mke wangu!"

"Ndiyo maana. Beba mtoto."

Akambeba mtoto ndani ya shati, kwenye ngozi ya kifua, akakimbia nyuma ya machela. Waliokutana nao waliingiza mabega. Wachungaji wawili. Mzee aliyekuwa anatoka kutafuta punda. Mwalimu wa katekisimu, na joho lake la Jumapili. Kila machela ilipobadilishwa mabega, Raphaeli aliita, "Cresensia!" na kila mara jibu lilichelewa zaidi.

Kwenye barabara kuu kulikuwa na kambi ya watengeneza barabara, na tipa moja. Dereva, mtu wa Mbulu aitwaye Piusi, alikuwa anakula.

"Leo Jumapili," alisema. "Saa nane imepita zamani. Nikikutwa barabarani..." Akasogea, akaiona ngozi ilivyolowa. Sahani akaiweka juu ya tairi. "Pandeni. Upesi, pandeni! Wakinishika nitawaonyesha hii ngozi."

Wote walipanda, hata aliyekuwa akitafuta punda. Hakuna aliyetaka kushuka njiani.

Hospitalini walimchukua Cresensia ndani, na mlango ukafungwa. Jua lilikuwa linazama. Katarina alikuja mbio akambeba mtoto, na kaka yake akampa mgongo, jambo ambalo lilimchoma kuliko matusi. Muuguzi akatoka kuomba damu. Wakampima Raphaeli, haikufaa. Akaomba wampime tena. Akaambiwa damu haibadiliki kwa kuombwa. Akakaa chini, ukutani, mikono yenye tope imefunika uso, na sauti iliyomtoka iliwafanya wanaume wengine watazame pembeni.

Ya Koinet ilifaa, na ya Piusi.

"Mnafungua mshipa hapa?" aliuliza Koinet, akionyesha mkono. "Sisi ng'ombe tunamtoa shingoni."

"Wewe si ng'ombe," alisema muuguzi.

"Msininyweshe maji baadaye. Nataka maziwa."

Alikuwa anaogopa, na alicheka ili asionekane. Sindano ilipoingia aliyafumba macho yake kama mtoto.

Cresensia hakufa. Ilichukua siku nyingi kabla hawajathubutu kulisema hilo kwa sauti. Walimfanyia operesheni, wakamtoa kizazi, na mganga akamweleza Raphaeli akiwa amesimama ukumbini, kwamba huyu msichana ndiye wa mwisho. Walimbatiza Evarista. Pikipiki ilibaki pale barabarani mpaka mvua zilipokwisha. Mtu alichukua kioo cha pembeni, mwingine mnyororo, na Raphaeli hakuuliza ni nani.

Siku Cresensia alipoweza kukaa, alimtazama mumewe. Alikuwa amekonda, sauti yake ndogo.

"Nani alinibeba?"

"Tobiko," alisema Raphaeli. "Na Koinet. Na ndugu wawili wa boma la juu, sijui majina yao. Mzee mmoja alikuwa anatafuta punda. Mwalimu wa katekisimu. Piusi, dereva. Na mwingine mwenye koti la mvua, alishika mti wa kushoto wa machela kwenye mteremko, halafu akaenda zake, sikumwona uso."

"Na wewe?"

Akatikisa kichwa.

Cresensia akageukia ukuta. Raphaeli alidhani amelala, akainuka kwa uangalifu atoke nje. Mkono wa Cresensia ukatokea chini ya shuka, ukamtafuta, ukashika pindo la shati lake lililokuwa bado na doa la udongo mwekundu.

"Kaa," akasema. "Usiende popote kwa sasa. Kaa tu."

Akakaa.